Mama na menyu ya Golf

Mama yangu anasoma Kiswahili vizuri. Biblia ameimaliza zaidi ya mara moja, na barua za ukoo wote hupitia mikononi mwake. Kifaransa ndicho hakukipata, kwa sababu alitolewa shuleni mapema ili kaka zake waendelee. Hilo sikulifikiria hata kidogo jioni ile mdogo wangu alipotupeleka kula katika mkahawa mmoja wa Kiitaliano pale Golf, kusherehekea mshahara wake wa kwanza.

Menyu ikaletwa: majina ya vyakula kwa Kiitaliano, na chini ya kila jina maelezo kwa Kifaransa. Mama aliishika kwa muda, akaigeuza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwana wangu, hapa baliandika nini?"

Nilianza vizuri. Linguine nikasema ni namna ya makaroni. Halafu nikafika kwenye moules, calamars na crevettes, nikakwama. Mimi, mwanafunzi wa lugha, nikamjibu mama kwa Kifaransa kilekile asichokijua. Mhudumu akataka kunisaidia: "Ni bile bintu bya mu mayi, mama. Ni kama samaki, lakini hapana samaki." Mama akafunga menyu. "Basi, miye nitakula kile munakula."

Chakula kilikuwa kitamu, sikatai. Kilichoniuma ni kwamba maneno ninayo. Kome, ngisi, kamba, chaza, kaa, pweza: yote nimekutana nayo katika kamusi. Kiswahili kilizaliwa pwani, na viumbe wa bahari kimewataja mmoja mmoja tangu zamani. Kwetu maneno hayo hayakufika kwa sababu hayakuwa na kazi. Tuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, na samaki wetu alitoka Mweru na Luapula kupitia Kasenga. Hapo hakuna aibu. Lakini sasa kome na ngisi wamefika Golf katika barafu, na hatukuwaita kwa jina lao la Kiswahili. Tumewapokea kwa Kifaransa, kana kwamba lugha yetu haijawahi kuiona bahari.

Maoni yangu ni haya: menyu za mji huu ziandikwe pia kwa Kiswahili, na kazi hiyo ni yetu sisi wa kitivo hiki.

Najua mtakavyonijibu. Mmoja atasema majina ya Kiitaliano ndiyo raha yenyewe. Nakubali, linguine ibaki linguine. Ninachodai ni ule mstari mdogo wa chini, unaomwambia mlaji anakwenda kula nini. Kama mstari huo umeweza kutoka Kiitaliano kwenda Kifaransa, unaweza kupiga hatua moja zaidi.

Mwingine atasema maneno ya pwani si ya Lubumbashi. Hapa ukisema kamba, watu watafikiria ya kufungia mbuzi. Kweli. Lakini na crevette hatukuzaliwa nayo. Neno la chakula hujifunzwa kwa kula: sahani mbili, na kamba wa baharini hatachanganywa tena na ya mbuzi. Wala biashara hii si ya upande mmoja. Menyu ile ilijisifu kwa "pasta ya msimu". Msimu wetu, mvua zikishanyesha, ni wa bowa wanaouzwa na akina mama kando ya barabara. Mpishi atakayewaweka bowa juu ya pasta atakuwa na chakula cha msimu kweli, na jina lao ni la kwetu, si la kamusi ya pwani inayosema uyoga.

Wa tatu atasema wateja wa Golf wote wanajua Kifaransa. Mama yangu alikuwa mteja wa Golf jioni ile.

Tukumbuke pia nani alikiandika Kiswahili cha mji huu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa ajili ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu, na Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Kichwa chake ni cha Kifaransa, mwili wake wote ni Kiswahili. Watu waliopika na kuandaa meza za wengine waliona lugha yao inatosha kubeba historia ya mji mzima. Sisi wenye madarasa na kamusi tunaona haitoshi kubeba sahani ya pasta?

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na inaipa Serikali kazi ya kuziendeleza. Lakini Serikali haitakuja kutafsiri menyu. Napendekeza wanafunzi watatu na mhadhiri mmoja wachague mkahawa mmoja tu, wazungumze na mpishi na wahudumu, wakubaliane maneno, kisha wachapishe karatasi moja. Wahudumu wawe wa kwanza kuulizwa, kwa maana wao ndio wanaotafsiri kila siku, kwa mdomo, bila kulipwa kwa kazi hiyo.

Karatasi ya kwanza nitampelekea mama. Safari ijayo nataka achague mwenyewe.