Mbolea: sifuri ya Burundi na moshi wa Kwekwe

BUJUMBURA – Ukiziweka Burundi na Zimbabwe kwenye mizani ya gesi joto za viwandani, Burundi inatoka ikiwa safi kabisa. Kwenye safu ya gesi ya nitrasi oksaidi itokanayo na utengenezaji wa asidi ya nitriki haina cha kuandika, kwa kuwa haina kiwanda hata kimoja cha asidi hiyo. Zimbabwe inacho, mjini Kwekwe. Zote mbili ni wanachama wa COMESA, hazina bahari, na wakulima wao wanalilia mbolea kila msimu. Hata hivyo sifuri hiyo ya Burundi inahitaji kuangaliwa kwa jicho la mfanyabiashara.

Nitrasi oksaidi ni gesi ile ile inayotumika hospitalini kutuliza maumivu. Kiwandani hutokea pale amonia inapounguzwa juu ya wavu wa platini ili kupata asidi ya nitriki. Kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Asidi hiyo ndiyo inayozaa mbolea za nitrati, ikiwemo CAN ambayo wakulima wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kama mbolea ya kukuzia. Yurea na DAP hazipitii njia hiyo.

Kiwanda cha Sable Chemicals cha Kwekwe kilianzishwa mwaka 1969, na baadaye kikawa kikitengeneza amonia yake kwa kuchambua maji kwa umeme, kikitegemea bwawa la Kariba. Kilipofanya kazi kikamilifu kilikula zaidi ya megawati 100. Mwaka 2015 mtambo huo wa umeme ulizimwa, na tangu hapo amonia inaagizwa kutoka Afrika Kusini. Leo dunia nzima inaizungumzia amonia ya namna hiyo kana kwamba ni uvumbuzi wa jana. Lakini hata katika miaka ile ya Kariba, asidi ya nitriki iliyofuata iliendelea kutoa nitrasi oksaidi. Umeme wa maji hauiondoi gesi hiyo. Kinachoiondoa ni kichocheo maalumu kinachofungwa ndani ya mtambo. Katika mchango wake wa kitaifa wa tabianchi uliorekebishwa mwaka 2021, Zimbabwe iliiweka kazi hiyo miongoni mwa hatua zake.

Bujumbura hali ni nyingine. Kiwanda cha FOMI, kilichoanza mwaka 2019, kinachanganya samadi na chokaa pamoja na virutubisho vinavyoagizwa nje, na mbolea yake humfikia mkulima kupitia mpango wa ruzuku wa taifa, PNSEB, ulioanza mwaka 2012. Wawekezaji hao hao wa Burundi wamejenga kiwanda kingine Nala, Dodoma, ambako Rais Évariste Ndayishimiye aliweka jiwe la msingi Oktoba 2021. Nacho msingi wake ni kuchanganya. Kuchanganya hakutoi nitrasi oksaidi, ila naitrojeni yenyewe inabaki kununuliwa kwa dola, na dola Bujumbura ni bidhaa adimu kuliko mbolea.

Sasa chukua mfuko mmoja wa CAN wa kilo 50 wenye asilimia 27 ya naitrojeni. Kwa viwango vya kawaida vya jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, mtambo wa mgandamizo wa kati usio na kichocheo hicho hutoa kilo 7 za nitrasi oksaidi kwa kila tani ya asidi. Mfuko huo basi umeacha gramu 210 hivi kiwandani, sawa na kilo 58 za hewa ukaa, yaani zaidi ya uzito wa mfuko wenyewe. Ukimwagwa shambani, udongo nao hutoa gramu 210 nyingine hivi. Nusu ya kwanza inaandikwa kwa nchi iliyotengeneza, nusu ya pili kwa nchi iliyolima. Mnunuzi anayeonekana msafi amegawana hesabu na muuzaji wake.

Kuna na upande wa fedha. Kiwanda cha Abu Qir cha Misri kiliingia katika soko la hewa ukaa la Itifaki ya Kyoto mwaka 2006 kwa kupunguza gesi hii. Ujerumani nayo ilianzisha mwaka 2015 mpango wa kugharamia vifaa hivyo katika nchi zinazoendelea. Burundi haiwezi kugusa fedha hizo, kwa sababu hakuna anayelipwa kupunguza asichokitoa.

Mwaka 2021 kampuni ya Kitaliano ya Maire Tecnimont ilitangaza mpango wa kiwanda cha mbolea za nitrati karibu na Naivasha, Kenya. Burundi ikitaka siku moja kufuata njia hiyo, kifungu cha kichocheo kiingie kwenye mkataba kabla ya jiwe la msingi. Umeme ndio utakaokuwa mgumu zaidi: mtambo wote wa Rusumo, ambao Burundi inagawana na Rwanda na Tanzania, ni wa megawati 80, pungufu ya ule uliokuwa ukiliwa na Kwekwe peke yake.