Ngoma ya Watumwa na Mchele wa Hiari: Sikukuu ya Dano Mjini Gangneung

Juma hili safu yetu inavuka bahari hadi Korea ya Kusini, katika mji wa Gangneung, ili tutazame jinsi wenyeji wa huko wanavyoyapokea majira ya joto kwa ibada, ngoma, mieleka na soko. Safari hii si ya kustaajabia mambo ya ugenini tu. Wahenga wetu walituachia usemi kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mjini Gangneung mambo yalikuwa kinyume: watumwa ndio walioishika mila, na waungwana wa leo wanajivunia kile walichoachiwa na watumwa hao.

MJI NA MAJIRA YAKE

Gangneung uko katika pwani ya mashariki, mkoa wa Gangwon. Mbele yake ni bahari, na nyuma yake ni milima ya Taebaek, ambayo huvukwa kwa njia ya Daegwallyeong, yenye kimo cha meta 832. Zamani kuivuka milima hiyo kulikuwa kazi ya siku nyingi kwa miguu. Tangu Desemba 2017, ilipofunguliwa reli ya mwendo wa kasi kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018, mtu hutoka Seoul akafika Gangneung kwa muda wa saa mbili hivi.

Sikukuu ya Dano huwa siku ya 5 ya mwezi wa 5, kwa hesabu ya mwandamo wa mwezi. Wasomaji wetu Waislamu wanaifahamu hesabu ya namna hiyo, ila ya Wakorea ina tofauti moja: kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi mmoja, ili sikukuu zisiyahame majira. Kwa hiyo Dano haiachani na mwanzo wa majira ya joto. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Juni, na mwaka 2025 tarehe 31 Mei. Huo ndio wakati ambapo mkulima, baada ya kazi nzito ya kupanda, hupumua kidogo. Naye huomba mavuno mema na kuepushwa na maradhi ya joto, kisha hucheza.

MCHELE WA KILA NYUMBA

Matayarisho huanza mwezi mzima kabla ya siku yenyewe. Siku ya 5 ya mwezi wa 4 hutengenezwa pombe ya mchele itakayotumiwa katika ibada. Mahali pake ni Chilsadang, jumba la kale la serikali, ambalo jina lake lina maana ya jumba la kazi saba. Kazi hizo saba ndizo alizopaswa kuzisimamia mtawala wa mji: kilimo, hesabu ya watu, elimu, jeshi, kodi, mashauri, na mwenendo mwema wa raia. Sisi tunaokalia viti vya ofisi, na ninyi mnaovaa sare, sote tumo katika orodha hiyo. Basi si ajabu kwamba sikukuu ya watu wote huanzia katika ofisi ya watu wote.

Zamani ofisi hiyo ilitoa mchele na chachu. Siku hizi Meya wa mji hufanya vivyo hivyo, lakini haiishii hapo. Raia nao huleta mchele wao kwa hiari, huyu kidogo na yule kidogo, ukakusanywa pamoja. Pombe na mikate ya mchele inayotokana nao hugawiwa bure kwa watu wanaohudhuria sherehe. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa usemi huo si wa mdomoni tu. Mtu aliyetoa mchele wake hawezi kuiona sikukuu kama jambo la wakubwa au la watalii. Anajua kwamba sehemu yake imo chunguni.

Siku ya 15 ya mwezi huo huo watu hupanda Daegwallyeong. Mungu wa mlima anayeheshimiwa huko, kwa imani ya wenyeji, ni jemadari Kim Yu-sin aliyeishi kati ya mwaka 595 na 673, na aliyeongoza majeshi ya ufalme wa Silla katika vita vya kuziunganisha falme za Korea. Mwandishi Heo Gyun aliishuhudia ibada hiyo mwaka 1603 na kuiandika, hata leo tunajua kwamba desturi hii ina zaidi ya miaka 400. Mlinzi wa mji naye ni mtawa wa Kibudha aitwaye Beomil, aliyeishi karne ya 9. Huko mlimani huchaguliwa mti mmoja unaoonekana kutikisika wakati wa maombi, ukakatwa na kuteremshwa mjini, na watu huufungia vitambaa vya rangi pamoja na dua zao. Jioni ya siku ya 3 ya mwezi wa 5 mti huo husindikizwa kwa maandamano ya taa hadi kando ya mto Namdaecheon, ambako sherehe kubwa huendelea kwa siku nane hivi.

Asubuhi husomwa ibada za mafundisho ya Confucius kwa utulivu na mavazi rasmi. Mchana kutwa waganga wa kike, waitwao mudang, huimba na kucheza huku wanaume wakiwapigia ngoma na upatu. Mgeni mwenye dini yake halazimiki kushiriki maombi hayo. Linalotakiwa kwake ni adabu ambayo naye angeitaka msikitini au kanisani kwake: anyamaze panapostahili kunyamazwa, asikatize mbele ya madhabahu, wala asimsogezee mtu kamera usoni.

NGOMA ISIYO NA MANENO

Katika yote yaonekanayo kando ya mto, mimi naupa nafasi ya kwanza mchezo wa barakoa uitwao Gwanno. Neno hilo lina maana ya watumwa wa ofisi ya serikali, yaani watu waliokuwa mali ya ofisi na si mali ya nafsi zao. Ndio waliovaa barakoa siku za Dano wakacheza mbele ya mabwana na umati. Michezo mingi ya barakoa ya Korea ina maneno, tena maneno makali ya kejeli. Huu hauna hata neno moja. Kila jambo husemwa kwa mwendo, kwa ishara na kwa mapigo ya ngoma, hata mgeni asiyejua Kikorea hapotezi kitu.

Hakuna jukwaa la juu wala pazia; watu huzunguka uwanja. Kwanza huingia Jangjamari wawili, wenye matumbo makubwa ya duara, na nguo zao zimetundikwa mwani wa baharini na mashina ya nafaka. Hao huwasukuma watazamaji kwa matumbo yao ili kupanua uwanja, na watoto hucheka sana. Kisha huingia Yangban, bwana wa tabaka la juu, mwenye kofia ndefu na ndevu ndefu, pamoja na mwanamwali Somae Gaksi. Bwana humbembeleza, mwanamwali hukataa, halafu hukubali, nao hucheza pamoja kwa furaha.

Ndipo wanapotokea Sisittakttagi wawili, wenye barakoa za kutisha na panga za mti. Wivu umewajaa. Huwatenganisha wapenzi hao na kumlazimisha mwanamwali kucheza nao. Yangban akishampata tena, hasira zake hazimwendei mwonevu, bali humwelekea yule aliyeonewa. Somae Gaksi, kwa kutaka kuthibitisha kwamba hana hatia, huzitwaa zile ndevu ndefu za bwana wake, akajizungushia shingoni, akaanguka kama maiti. Sasa bwana hujuta. Watu huomba mbele ya mti mtakatifu, mwanamwali huamka, na wachezaji na watazamaji hucheza pamoja.

Ndugu wasomaji, tafakarini jambo hili. Mtumwa, ambaye asingethubutu kumkosoa bwana wake kwa maneno, alisimama mbele ya mji mzima akamwonyesha bwana anayehukumu bila kuuliza. Wala hakumwacha katika aibu. Alimrudisha kundini wakacheza pamoja. Katika nyumba zetu za kambini, mafunzo haya si mageni. Askari hurudi kutoka zamu ya miezi mingi, akapokewa mlangoni na maneno ya majirani kabla hajapokewa na mkewe. Mara ngapi hasira imemwangukia mtu asiye na kosa, kwa kuwa mwenye kosa hayupo au anaogopwa? Katika mchezo mwanamwali huamka. Katika maisha yetu, aliyeumizwa huenda asiamke. Baba na mama wauzungumze mchezo kama huu mbele ya watoto wao wakubwa, kila mmoja aseme angefanya nini.

UZI ULIOKATIKA UKAUNGWA

Utumwa ulifutwa rasmi nchini Korea mwaka 1894. Kisha nchi ikatawaliwa na Japani tangu mwaka 1910 hadi 1945, ikaingia katika vita vya mwaka 1950 hadi 1953. Mchezo wa Gwanno ulikatika mwanzoni mwa karne ya 20, ukakaa nusu karne bila kuchezwa kwa taratibu zake. Ulirudi katika miaka ya 1960 kwa sababu watafiti waliwaendea wazee wachache waliobaki, waliokuwa wakiukumbuka tangu zamani, wakawauliza barakoa zilikuwaje na nani aliingia kwanza. Kama wangechelewa miaka kumi zaidi, pengine pasingekuwa na wa kumwuliza. Mwaka 1967 serikali iliitangaza sikukuu ya Gangneung kuwa urithi wa taifa, mwaka 2005 UNESCO ikaitambua, na mwaka 2022 ngoma za barakoa za Korea zikaandikwa katika orodha ya urithi wa binadamu.

MIELEKA, BEMBEA NA SOKO

Baada ya ngoma, mtazamaji ana mengi ya kuchagua. Wanawake hupanda bembea ndefu wakiwa wamesimama. Watu huosha nywele kwa maji yaliyochemshwa na majani ya mmea wenye harufu nzuri uotao penye maji, na huchora mapepeo ya mkononi kwa ajili ya joto linalokuja. Soko la Nanjang hutandazwa kando ya mto, nalo linahesabiwa kuwa soko kubwa kuliko yote ya uwanjani nchini humo.

Vijana wetu wa jeshi na polisi wangependa zaidi mieleka ya ssireum. Kila mchezaji hufungwa kitambaa kiunoni na pajani, na mwenzake hukishika hapo. Ambaye goti lake, au sehemu yoyote ya mwili wake iliyo juu ya goti, itagusa mchanga kwanza, ameshindwa. Mwaka 2018 UNESCO iliuandika mchezo huu kwa jina la Korea zote mbili kwa pamoja, ingawa zimetenganishwa na mpaka wenye silaha pande zote mbili. Gangneung wanaujua uzito wa mpaka huo, kwani Septemba 1996 manowari ya Kaskazini ilikwama katika pwani yao. Lakini mieleka ni ile ile Kaskazini na Kusini.

Neno moja la tahadhari. Palipo na ngoma pana umati, na umati una hatari zake. Tarehe 29 Oktoba 2022, katika mtaa wa Itaewon mjini Seoul, watu walibanana katika kichochoro chembamba usiku wa furaha, na watu 159 walipoteza maisha. Polisi wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba kazi ya kuongoza watu huanza kabla watu hawajafika. Familia nazo zina wajibu wao: chagueni tangu mwanzo mahali pa kukutania mkipoteana, mshikeni mtoto mkono, na mkiona njia inasongamana, rudini mapema.

KWA NINI TWENDE WENYEWE

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia mikusanyiko, sikukuu ya Dano ilionyeshwa kwa njia ya intaneti. Ilikuwa afadhali kuliko kukosa kabisa. Hata hivyo, kioo hakiwezi kumsukuma mtoto kwa tumbo la Jangjamari, wala hakimpi mzee mkate wa mchele mkononi. Ngoma humtaka mtu aje na miguu yake.

Watoto wetu wa kambini huzaliwa mji mmoja, wakaanza shule mji wa pili, wakamaliza mji wa tatu. Wengi hawajawahi kuona ngoma ya babu zao ikichezwa na watu wanaoijua. Si kosa lao, wala si kosa la kazi ya wazazi wao. Lakini dawa yake iko mikononi mwetu. Likizo ijayo, mnapokwenda kijijini, mwendeeni mzee mmoja aliye hai. Mwulizeni ngoma ya kwao ilikuwaje, nani aliingia kwanza uwanjani, na kwa nini. Andikeni majibu katika daftari la shule la mtoto, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Hiyo ni sawa na mchele kidogo unaopelekwa Chilsadang. Hadi juma lijalo, nawatakieni amani nyumbani na kazini.