Ile Heshima ya Depato Si Damu, Ni Kazi

Kila Mkenya anayerudi kutoka Tokyo lazima atuhubirie. Ati alifika depato, ndivyo Wajapani wanavyoyaita yale maduka yao makubwa ya ghorofa nyingi, asubuhi mlango ukifunguliwa, akakuta wahudumu wamejipanga wakiinama. Ati alinunua kasanduku ka biskuti kakafungwa kwa karatasi utadhani ni mahari. Halafu mahubiri yanamgeukia dada wa kaunta hapa mjini: “Sisi hatuna nidhamu bana. Wenzetu iko kwa damu.”

Damu gani?

Anza na ile bei isiyopatanwa, ambayo wageni huiita uaminifu wa Kijapani. Mitsukoshi ilianza 1673 ikiwa duka la vitambaa, jina lake Echigoya, huko Edo, Tokyo ya leo. Enzi hizo wauza vitambaa walipeleka mali nyumbani kwa wakubwa, wakauza kwa mkopo, na bei ilikuwa maneno tu. Mitsui Takatoshi akabadilisha mchezo: njoo dukani, lipa taslimu, bei ni moja kwa kila mtu. Ulikuwa ujanja wa biashara, tena mzuri sana. Kumbe kupatana bei kulikuwepo kwao pia, kama Gikomba tu.

Na ule upole? Agosti 31, 2023, wafanyakazi wa Seibu pale Ikebukuro waligoma. Depato Japani hazikuwa zimeona mgomo kwa karibu miaka 60. Duka zima likafungwa siku hiyo. Seven & i, kampuni mama, ilikuwa inaiuza Sogo & Seibu kwa wawekezaji wa Marekani, Fortress, na watu walitaka kujua kazi zao zitabaki ama vipi. Wakaandamana barabarani na mabango yao. Kesho yake mauzo yakakamilika vilevile. Hao ndio wale wale waliokuinamia, msee.

Aprili 2025 jiji la Tokyo lilianza kutumia kanuni dhidi ya wateja wanaowanyanyasa wahudumu. Kwani kanuni kama hiyo hutungwa mahali ambapo kila mteja ni malaika?

(Kuhusu ghorofa ya chini, ile ya vyakula, sibishani na mtu. Nenda jioni karibu na kufunga, wakati wanabandika stika za punguzo.)

Kinachoniudhi hasa ni hiki: mgeni akitoa pasipoti na kununua kuanzia yen 5,000, ile kodi ya asilimia 10 haimhusu. Muuzaji anayemhudumia akitaka mkoba huo huo, analipa kodi yote. Halafu mgeni anapanda ndege kuja kutuambia heshima ni ya bure.

Kabla ya kumkaripia dada wa kaunta wa hapa, muulize amesimama tangu saa ngapi, analipwa ngapi, na kama ana kiti.