Shemeji Anataka Kurudi Jeshini

Simu ikiita saa 9 usiku unajua tu ni msiba. Nikaipapasa pale kitandani moyo ukinienda mbio. Kumbe kwao Texas ilikuwa saa 1 jioni, na mdogo wangu yuko jikoni analia.

"Dada, anarudi jeshini. Si ile ya wikiendi. Jeshi lenyewe."

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Shemeji alikwenda Marekani kusoma. Mwaka 2009 jeshi la kule lilianza kuchukua wageni wenye taaluma za tiba au lugha lililokuwa linazihitaji, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Ndiyo, hiki hiki tunachokionea aibu kwenye intavyuu za kazi. Shemeji akasaini miaka 4, akapata uraia haraka, mkataba ulipoisha akatoka. (Milango ya mpango huo ilifungwa 2016, kwa hiyo usiniandikie kuulizia fomu!)

Mdogo wangu alimkuta uraiani. Hakuolewa na mwanajeshi, aliolewa na mtu wa ghalani anayerudi jioni na maziwa ya mtoto. Mwaka jana shemeji alipojiunga na jeshi la akiba, wikiendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka, wala hakulalamika. Wangapi waume zao wikiendi zinaishia baa? Sasa anataka ya kudumu, na hiyo maana yake ni kuhama anakopelekwa, wakati mdogo wangu amebakiza mihula mitatu amalize uuguzi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: kikosi chake cha akiba lazima kimwachie kwa maandishi ndipo achukuliwe kule. Mke haulizwi na mtu.

Kiukweli nilichukua upande wa mdogo wangu hata kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia huyo mwanaume amechoka na familia, anatafuta pa kukimbilia. Jamani, maneno ya saa 9 usiku! Kesho yake nikampigia shemeji mwenyewe, nimejiandaa kumpa vidonge vyake.

Akaanza na hesabu. Bima ya matibabu kwa wote watatu, posho ya nyumba, halafu pensheni: ukitimiza miaka 20 ya utumishi wa kudumu unaanza kulipwa mara unapostaafu, wakati mwenzako wa akiba kwa kawaida anasubiri mpaka afikishe umri wa miaka 60. "Minne ninayo, shemeji. Bado 16."

Nikapiga na mimi hesabu yangu. Mtoto wao ana miaka 3. Atakuwa na 19.

"Hayo nimekusikia," nikamwambia, "lakini mtu hatoi miaka 16 kwa sababu ya bima. Kuna nini?"

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Shemeji, nikifa leo pale ghalani, kesho wanabandika tangazo la nafasi ya kazi. Jeshini nilikuwa nikichelewa foleni ya asubuhi dakika 5 tu, kuna mtu anakuja kugonga mlango wangu kujua nimepatwa na nini."

Vidonge vyangu vikaishia mkononi. Yaani mwanaume huyu amekaa uraiani miaka yote, anacheka kwenye picha za familia, na hakuna aliyejua. Na hajidanganyi kwamba atarudi alipopaacha. Anajua anaweza kuanza na cheo cha chini, apigiwe kelele na sajenti aliyekuwa sekondari wakati yeye yuko kambini.

"Umemwambia mkeo hivyo?"

"Nikimwambia ataona yeye na mtoto hawanitoshi."

Hapo ndipo nilipomjia juu, shosti. Kwa sababu hivyo ndivyo mdogo wangu alivyokuwa anawaza tayari, tena bila hata kuambiwa, na mimi dada mtu nimemwongezea. Mbele yake shemeji alikuwa akitaja bima na pensheni tu, na mke akisikia pesa anajibu kwa pesa: atachukua zamu za ziada hospitalini, watabana matumizi, kwani lazima jeshi? Walibishana mwezi mzima juu ya kitu ambacho sicho.

Nikamwambia amweleze yale yale aliyonieleza, na asianze na pensheni.

Wamezungumza, mpaka alfajiri nasikia. Hawajakubaliana. Mdogo wangu anataka amalize mihula yake kwanza ndipo fomu zipelekwe. Shemeji anasema mihula mitatu ni mirefu, ila fomu bado ziko mezani, hajazigusa.

Jumapili walinipigia kwa video. Mtoto alikuwa amevaa buti za baba, zimemfika mapajani, anapiga kwata sebuleni. Mdogo wangu alicheka sana, halafu akamwambia azivue.