Nyasi Gani kwa Uwanja Wako?

Watu wengi wa kwetu husifu uwanja mtupu, uliofagiliwa hata ukang'aa. Ni usafi, sikatai. Lakini tazameni msingi wa nyumba: kila masika matofali ya chini yanazidi kuonekana. Ufagio hulegeza udongo, kisha mvua huuchukua. Nyasi fupi huushika.

Basi, nyasi gani? Nchi yetu ina taabu mbili. Tangu Juni hata Oktoba mvua ni haba sana. Na katikati ya kiangazi hicho hicho, Juni na Julai, kule Njombe, Makete na Kitulo huanguka sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu.

Ninyi wa upande wa Iringa, ambako ukame ndio adui mkubwa, pandeni ukoka. Hukauka juu ukadhani umekufa, kumbe chini u hai, na mvua ya kwanza huuamsha. Hustahimili jua na miguu ya watoto. Kivuli tu haupendi.

Kwa wenzetu wa Njombe na milima ya Mbeya, nyasi za Kikuyu zinafaa zaidi. Jina ni la Kenya, lakini asili yao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, nazo zimepelekwa hata Australia. Sakitu huunguza majani ya juu, na shina litambaalo chini huchipua tena. Zinataka samadi. Tena zina choyo! Zikiingia katika mahindi, kila kipande kinachokatwa na jembe huwa mmea mpya. Chimbeni mfereji mpakani, mkaukague kila mwezi. Asiye na nafasi ya kazi hiyo asizipande kabisa.

Fedha haihitajiki. Ombeni vipande kwa jirani, kila kimoja chenye vifundo vitatu, mkavipande futi moja moja mvua zinapoanza, na mbuzi wafungwe mbali. Wanaohofia nyoka wakate nyasi mara kwa mara, maana nyasi fupi hazimfichi. Ila ikifika Mei msizikate chini sana: urefu wa vidole vinne ubaki kufunika mizizi. Na asubuhi ya sakitu watoto wapite kando mpaka jua liyeyushe barafu, kwa kuwa jani lililoganda likikanyagwa hufa, na nyayo zao zitaonekana hapo siku nyingi.