Kashe ya notere haizai parseli



Kuko neno moja tumechoka kulisikia. Mutu anauza parseli isiyo yake, mwenyewe yuko kwenye site ya wadeplase, na ukimuuliza anatoa karatasi mfukoni: "Munasumbuka bure. Hii iko na kashe ya notere. Imeisha." Wazee wananyamaza. Shefu anakohoa, anaangalia pembeni. Na sisi vijana, wenye tumesoma, wenye tuko na simu na mega, tunanyamaza pia, maana hakuna aliyetufundisha kashe ile inasema nini na haisemi nini.

Haijaisha. Tuanzie hapo.

Kazi ya notere katika Congo yetu ilipangwa na ordonansi-sheria nambari 66-344 ya 9 Juni 1966, kisha sheria mpya ya kazi hiyo ikatoka Julai 2016. Notere si fundi wa kashe. Ni mutu Leta imempa uwezo wa kushuhudia kwa jina lake. Chukueni karatasi yoyote iliyopita kwa notere, iwe ya mauzo, iwe statuti za asosyasyo yenu (sheria 004/2001 ya 20 Julai 2001 inazitaka zipite kwake), na musome ukurasa wa mwisho, ule wenye hakuna mutu anausoma. Maneno ni karibu yale yale kila mara: kwamba siku hiyo fulani amefika yeye mwenyewe mbele ya notere, pamoja na mashahidi, kwamba notere amewasomea yaliyoandikwa, kwamba fulani ametamka mbele ya mashahidi hao kwamba yaliyoandikwa ndiyo mapenzi yake. Chini yake kuko malipo, nambari ya risiti, nambari ya rejista, folyo, volimi.

Someni tena polepole. Amefika mwenyewe. Amesomewa. Amekubali kwa kinywa chake. Kashe inakuja nyuma ya hayo matatu, kuonyesha kwamba yametendeka. Kama hayakutendeka, ile karatasi ni uongo uliosemwa kwa jina la Leta.

Sasa munajua wenyewe jinsi mambo yanavyokwenda. Komisyonere anakusanya makaratasi ya watu watano, sita, anayatia ndani ya anvelopi, anapanda moto. Jioni anarudi na yote yana kashe. Mwenye kuuza hakufika. Mwenye kununua hakufika. Mashahidi ni majina mawili yaliyoandikwa kwa biki moja na mukono mumoja. Hatutaji biro wala mutu hapa, tribunali iko kwa kazi hiyo. Lakini tunauliza: nani alisomewa? Anvelopi?

Tunajua jibu lao, tumeshalisikia. "Mimi ninathibitisha sinyatiri tu. Kama parseli ni yake ao si yake, hiyo si kazi yangu." Nusu ya jibu hilo ni kweli, na ile nusu inatusaidia sisi kuliko wao. Ndiyo, notere hathibitishi kwamba parseli ni yako. Njo maana kashe yake haiwezi kukupa parseli! Lakini hata hiyo sinyatiri, utaithibitisha namna gani wakati mwenye mukono hujamuona na macho?

Tuingie kwenye udongo wenyewe. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Leta, na raia anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inasimama kisheria kwa karatasi moja: sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Si karatasi ya mauzo. Si barua ya shefu wa kartye. Si kashe ya notere. Karatasi ya notere inaweza kuwa daraja la kufika kwa konservatere, na daraja zuri linahitajika, lakini mutu halali juu ya daraja akasema amefika nyumbani.

Na hapa tunaomba musome vizuri, maana ni hapa watu wetu wanaumizwa. Sheria ile ile inasema kwamba sertifika ikishapita miaka 2 bila mutu kuishitaki, haivunjwi tena. Unabaki na njia ya kudai fidia tu. Miaka 2! Tangu Desemba 2017 watu wa Djugu wanakimbia. Kuko mama zetu pale Kigonze, pale Rhoe, wenye wamezaa na kuona watoto wakianza masomo ndani ya site. Nani kati yao anaweza kupanda Bunia kuuliza kwenye biro ya ardhi kama kuko mutu ameandikisha uwanja wake? Saa inahesabu, na yeye hajui kama kuko saa.

Tena wengi walitoka bila kitu. Kwetu kadi ya uchaguzi njo kitambulisho, na kadi ilibaki ndani ya nyumba iliyoungua. Basi angalieni mambo yalivyogeuka: mwenye parseli hana karatasi hata moja ya kuonyesha jina lake, na mwizi anayo ya notere.

Wenye kusema "ni makaratasi tu, kwetu shida ni bunduki" wamesahau haraka. Vita ya Ituri ya 1999 ilianzia hapa Djugu, juu ya mipaka ya konsesyoni, mashamba makubwa yaliyobaki nyuma ya wakoloni. Umoja wa Mataifa, ndani ya ripoti yake ya 2004 juu ya Ituri, uliandika juu ya watu waliodaiwa kutumia makaratasi ya uongo ili kupanua mashamba na kufukuza wanakijiji. Baadaye tulihesabu maiti kwa maelfu. Hatutaji kabila, na mutu asije kwenye ukurasa huu kututajia kabila: mwenye kuuza parseli ya deplase leo anaweza kuwa jirani yake, ndugu yake, hata mutoto wa shangazi yake. Tunasema tu kwamba siku wadeplase watarudi na kukuta mutu mwingine amejenga, ile anvelopi ya komisyonere itakuwa na wa kuijibia.

Kidogo kwa wafanyabiashara wetu wanaovuka kwenda Arua na Kampala: musichanganye mambo. Kule Uganda mwenye kuitwa notary public ni avoka. Kwetu tulirithi mpango wa Wabelgiji, notere ni ofisa wa Leta, na sheria ya 2016 inakubali pia notere wa binafsi. Basi usidhani kashe ya Kampala inatosha kwa konservatere wa Bunia.

Sasa kwetu sisi, maana makosa hayako upande wa makaratasi peke yake. Wale mashahidi wawili ni nani? Ni vijana. Ni wenzetu wanaoitwa kwa bei ya bia mbili, wanatia sinyatiri chini ya jina la mutu ambaye hawajawahi kumuona. Wanaona ni dili ndogo. Kode penale, artikle 124, inaita kitu hicho fo: miezi 6 mpaka miaka 5 ya kifungo. Kama aliyefanya ni mufanyakazi wa Leta ndani ya kazi yake, artikle 125 inaruhusu kufika miaka 10. Na artikle 126 inamshika pia mwenye kuitumia karatasi huku anajua kwamba ni ya uongo. Komisyonere hatakaa gereza kwa ajili yako. Bia zenyewe zitakuwa zimekwisha zamani.

Tunachotaka hakihitaji milioni. Bei za notere zibandikwe mulangoni, kwa franga, na kila mutu apewe risiti ya Leta. Karatasi isomwe kwa luga ambayo mutu anasikia: kumusomea Kifaransa mama ambaye anasikia Kilendu, Kihema ao Kiswahili tu, huko si kusoma. Notere ashuke Nizi siku moja kila mwezi, ili mutu asilazimike kutafuta makuta ya moto na kupita barrière juu ya sinyatiri moja, maana umbali huo njo unalisha komisyonere. Tangu 6 Mei 2021 tuko chini ya état de siège, wakubwa wanasema ni kwa kulinda raia na mali yake. Vizuri. Parseli ya mutu aliyekimbia ni mali yake. Tunaomba gavana wa kijeshi na konservatere wasimamishe kuandikisha viwanja vya vijiji vilivyohamwa, mpaka wenyewe wawe wamerudi ao wamesikilizwa pale waliko.

Kwa wakati huu, kila mumoja wenu aanze na kazi hii. Kama nyumbani kuko karatasi ya notere, fungueni ukurasa wa mwisho. Angalieni nambari ya rejista, folyo na volimi. Kisha muende na wenzenu wawili ao watatu, musiende peke yenu, muombe rejista ifunguliwe kwenye ukurasa huo. Kama jina lenu ni kati ya wenye kuuza, na siku hiyo hamukufika pale, andikeni barua kwa prokirere, mubaki na kopi yenye kashe ya kupokelewa. Kisha mutupigie picha ya ule ukurasa, mufunike majina, mutume kwenye inbox.