Neno "Mazoezi" na Maana Yake

Juma hili tuzungumze juu ya neno moja liwapotezalo watu wengi. Bwana Afya asimamapo barazani na kusema, "Fanyeni mazoezi," mama aliyetoka mtoni na debe la maji kichwani hucheka moyoni. Naye karani aketiye mezani tangu asubuhi hata jioni hudhani maneno hayo ni ya vijana wa mpira. Hivyo aliye na haja ya shauri hilo ndiye asiyelisikia.

Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Madereva waliketi kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi wakikata tikiti. Ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi. Angalieni sana: makondakta hao hawakuvaa viatu vya mbio. Walikuwa kazini tu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kwa kiasi. Lakini "kwa kiasi" ni nini? Hapo ndipo matangazo mengi hunyamaza. Kipimo chepesi ni hiki: uweze kuzungumza na mwenzako njiani, lakini wimbo ukushinde. Dakika 30 kwa siku 5 zatosha, na kulima, kuchota maji, hata kucheza ngoma arusini, yote yamo. Lile sharti la mwaka 2010, kwamba kila mara zitimie dakika 10 mfululizo, limekwisha ondolewa.

Wengine huishika hesabu ya hatua 10,000 kana kwamba ni sheria ya serikali. Hesabu hiyo ilivuma kwa jina la chombo cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, maana yake "kipimo cha hatua elfu kumi". Ni neno la dukani hilo.

Basi Bwana Afya na awaulize watu kwanza siku yao huendaje, ndipo aandike tangazo lake. Mama wa shambani amsifu kwa kazi yake. Sisi makarani atuulize kinagaubaga: "Bwana, leo umeketi saa ngapi?"